Mpira wa presha wa kuoshea mazulia: upi ununue Kampala, na ufanye nini udumu

Mipira yangu karibu yote imefia mahali pamoja: ile shubiri moja au mbili kabla mpira haujaingia kwenye chuma cha kiungio. Katikati huwa bado mzima kabisa. Lakini kule mwishoni ngozi imechanika, waya unachungulia, na siku moja unasikia "pssss" ukiwa ghorofa ya tatu Bukoto, maji yanaruka hadi kwenye pazia la mwenye nyumba.

Nimeanza na hilo kwa sababu dukani, iwe Kisenyi au Industrial Area, kila mnunuzi huuliza swali moja: "Huu unabeba presha ngapi?" Muuzaji anataja namba kubwa, mnunuzi anaridhika, analipa. Kwenye kazi ya mazulia namba hiyo haikusaidii kuchagua. Mashine ya umeme ya kuosha na kunyonya husukuma maji kwa psi 100 hadi 500 hivi, yaani baa 7 hadi 34 (psi na baa ni vipimo vya presha). Mpira wa kawaida wa kazi hii, wa tundu la inchi robo, huandikwa psi 3,000. Umezidi mara sita hata kwa mashine yenye nguvu. Presha haitauua. Utauawa na joto, na kukunjwa karibu na kiungio, na kuburutwa juu ya zege na murram, na dawa iliyoachwa ilale ndani yake usiku kucha. Nimeipanga mipira inayopatikana kwa kuangalia maadui hao wanne, na bei nimeiweka nyuma, kwa sababu mpira wa bei nafuu unaonunuliwa mara tatu kwa mwaka si wa bei nafuu.

Wa kwanza, bila kusitasita, ni mpira uliotengenezwa mahsusi kwa maji moto: waya tabaka moja ndani, na ngozi ya nje laini isiyoacha alama. Mara nyingi ni wa bluu au kijivu. Soma maandishi ubavuni. Mizuri ya aina hii huandikwa psi 3,000 na joto la 250°F, ambalo ni nyuzijoto 121 za Selsiasi, kwa hiyo hata mashine yenye hita haiutishi. Ushike mkononi, uukunje kwenye duara lenye upana wa sahani ya chakula, kisha uuachie. Mpira mzuri unarudi wenyewe na kunyooka. Ukibaki na kona, urudishe kaunta. Ukwaruze pia kwenye karatasi nyeupe kwa nguvu, mbele ya muuzaji. Ukiacha mstari kwenye karatasi, utauacha pia kwenye zulia la krimu la mteja wako. Ubaya wake ni kwamba si kila duka linao. Mara nyingi unaagiza na kungoja, na bei inauma. Nauweka juu hata hivyo. Niliounganisha kwa sasa nimeshautumia muda mrefu kuliko mipira mitatu iliyoutangulia ikijumlishwa pamoja.

Wa pili ni mpira mwepesi wa plastiki ngumu uliosukwa kwa nyuzi za poliesta badala ya waya. Kama mashine yako haina hita, na unapanda boda na vifaa vyako kwenda Najjera au Kyaliwajjala kuosha sofa na zulia moja moja, kwako wewe huu ndio wa kwanza. Hauna chuma cha kushika kutu, hauchafui, na kwenye ngazi za ghorofa mgongo wako utakushukuru. Lakini una tabia mbili. Ukishajikunja kona hausahau, na kona ile ile ndiyo itakayopasuka. Pia mingi mwisho wake ni nyuzijoto 93, kwa hiyo ukitumia maji ya moto sana unaulazimisha kuishi ukingoni mwa uwezo wake.

Wa tatu ni ule mweusi wa haidroliki, yaani wa mitambo inayoendeshwa kwa presha ya mafuta, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio mafundi wengi wa Kampala wanaotumia. Sababu yao naielewa. Unakwenda kwa fundi, unataja mita unazotaka, anakata, anabana viungio kwa mashine ukiwa umesimama pale, na ndani ya saa moja uko kazini. Tena ni mpira wa kuaminika. Wenye maandishi EN 853 1SN, yaani kiwango cha Ulaya cha mpira wa waya tabaka moja, wa inchi robo, umeruhusiwa kufanya kazi kwenye baa 225, na kiwango kinataka usipasuke chini ya baa 900. Kinachosahaulika ni kwamba umetengenezwa kwa ajili ya mafuta. Kwa mafuta unakubaliwa hadi nyuzijoto 100, lakini kwa vimiminika vya maji kiwango chenyewe kinaushusha hadi 70. Ukipitisha maji ya nyuzi 90 kila siku, mrija wa ndani unakakamaa polepole bila wewe kuona chochote kwa nje. Na ngozi yake ikichanika tu, maji yanaingia kwenye waya, waya unashika kutu, mpira unavimba kama jipu.

Halafu kuna ule weusi. Mwaka wangu wa pili wa kazi niliuburuta mpira wa namna hiyo kwenye zulia la sufu la rangi ya maziwa, nyumbani kwa mama mmoja Muyenga. Nilipogeuka niliona mistari minne myeusi kutoka mlangoni hadi dirishani, imenyooka kama imepigwa rula. Nilipiga magoti saa tatu nikiifuta kwa kitambaa na dawa, na mistari miwili haikutoka yote. Yule mama hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, hili lilikuwa zulia la mama yangu." Tangu siku hiyo mpira mweusi haupiti mlango wa nyumba ya mtu ukiwa mikononi mwangu.

Lakini sijautupa. Una kazi moja unayoifanya vizuri: kipande cha nje. Mashine ikibaki kwenye gari au kibarazani, mpira mweusi unaanzia pale, unavumilia pevazi na mchanga hadi mlangoni, kisha unaunganishwa na wa bluu unaoingia ndani. Kwa maji ya uvuguvugu, mpango huo unaokoa pesa nyingi. Usishawishike tu kuchukua wa waya tabaka mbili, wa 2SN, eti ni imara zaidi. Baa 400 hazikusaidii kitu, na uzito wake unavuta kiungio mchana kutwa.

Mpira wa njano wa kupulizia dawa shambani, unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo kule Container Village, unafaa kwa maji baridi peke yake. Mimi nautumia kunyunyizia dawa ya awali kabla ya kuosha. Kwenye maji moto unalainika na kuteleza kutoka kwenye kiungio. Na mpira uliotolewa kwenye ekskaveta au tipa kuukuu usiununue hata ukipewa bure, kwa sababu mafuta yaliyomo hayatoki yote, na yatakapotoka yatatokea kwenye zulia.

Ukishachagua, bado hujamaliza dukani. Chukua vipande viwili vya mita 15 badala ya kimoja cha mita 30, ili kimoja kikiharibika kazi isilale. Tafuta tarehe ubavuni. Mara nyingi huandikwa robo ya mwaka na mwaka wenyewe, mfano 3Q24, yaani robo ya tatu ya 2024. Mpira unazeeka hata ukiwa rafuni. Wajerumani kwenye kanuni yao ya haidroliki, DIN 20066, wanahesabu miaka 6 tangu mpira ulipofungwa viungio, na katika hiyo isizidi 2 iliyopotea ghalani.

Angalia na nyuzi za kiungio, ile mikato ya kuzungushia kama ya skrubu, maana hapa wengi wamelia. Mashine zilizotoka Marekani huja na nyuzi za kipimo cha Kimarekani, NPT, na vifaa vingi vya hapa kwetu ni vya kipimo cha Kiingereza, BSP. Kwenye inchi robo, NPT ina nyuzi 18 kwa inchi moja na BSP ina 19. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba kiungio kinaingia mizunguko miwili mitatu, kisha kinagoma. Fundi mwenye haraka anakilazimisha kwa spana na kuzungushia tepu nyeupe tele. Kitavuja, na siku moja kitachomoka. Beba kiungio cha mashine yako mfukoni, ukijaribishe kwa mkono pale pale.

Na usiondoke bila springi ya kukinga mkunjo, ile inayovalishwa kwenye mpira pale unapotokea kwenye kiungio. Ni kitu kidogo, lakini ndicho kinacholinda ile shubiri niliyoanza nayo. Ukiweza ongeza kiungio kinachozunguka upande wa fimbo ya kuoshea, ili mkono wako ukigeuka mpira usijisokote.

Sasa utunzaji, ambao kwangu ni dakika kumi za jioni. Kazi ikiisha, namimina maji safi kwenye mashine na kuyapitisha mpaka povu liishe kwenye nozeli, kwa sababu dawa kali na zile zenye mafuta ya machungwa zinatafuna mpira kimya kimya. Kisha nazima pampu, na baada ya kuizima nabonyeza kitufe cha fimbo hadi presha iliyobaki ndani itoke yote. Ukiacha mpira umejaa presha usiku kucha, au ukaufungua kwa nguvu ukiwa umejaa, unaumiza viungio na oringi, ile pete ndogo ya mpira inayozuia mvujo. Kila kiungio nakipangusa kwa kitambaa na kukifunika. Chembe moja ya murram inatosha kukata oringi.

Kukunja ni duara pana, pete moja juu, inayofuata kwa chini, ili mpira usijisokote. Vijana wangu niliwakataza kabisa kuuviringa kwenye kiwiko kama kamba ya mbuzi. Na wenye boda wana mkono mzito na zile kamba za tyubu: wanafunga mpira kwenye kiti mpaka unakuwa bapa, na ukifika Entebbe tayari una kona mbili mpya. Uweke ndani ya gunia, ubebe begani. Kwa mteja, mwambie askari wa geti mapema kwamba mpira umepita hapo, gari lisiukanyage. Usiuache juani pia, wala usivute mashine kwa kushika mpira wake, hata kama ni hatua mbili tu.

Kila Jumatatu asubuhi naupitisha wote mkononi, ukiwa hauna presha, taratibu, mita kwa mita, nikitafuta uvimbe, mkato, au mahali palipolegea. Ukiwa na presha usiuguse kutafuta tundu. Maji yanayotoka kwenye tundu la sindano kwa presha kubwa yanaweza kutoboa ngozi na kuingia ndani ya mwili. Kidonda kinaonekana kidogo kama cha mwiba, lakini ndani ni hatari, na aliyepatwa aende hospitali saa hiyo hiyo bila kungoja kivimbe. Kama unashuku mvujo, pitisha kipande cha kadibodi badala ya kidole.

Kila baada ya miezi mitatu nageuza mpira, upande wa mashine uwe wa fimbo, ili miisho yote miwili ichoke sawa. Na ukiona ngozi inaanza kuchanika karibu na kiungio, huku sehemu nyingine zote zikiwa nzima, usingoje wala usifunge tepu. Peleka kwa fundi mwenye mashine ya kubania, akate sentimita thelathini, abane kiungio kipya kinacholingana na mpira huo. Unabaki na mita 14 na ushee za mpira mzima, kwa gharama ya kiungio kimoja.