Swichi Janja kwa Taa za Saketi Mbili: Ipi Inunuliwe Kwanza

Nyumba nyingi zenye inveta zimegawanywa katika saketi mbili, yaani njia mbili za umeme, kila moja na breka yake: taa za ndani na za barazani huendelea kuwaka kwa betri umeme unapokatika, ilhali taa za uani, ukutani na getini zimeachwa kwenye umeme wa TANESCO au wa KPLC peke yake. Mwenye nyumba akitaka taa za baraza na za geti ziwake kwa kubonyeza mara moja, fundi mwenye haraka atashauri waya uvutwe kutoka saketi moja hadi nyingine. Ushauri huo ukataliwe. Taa ya saketi moja ikiazima nyutro (waya wa kurudishia umeme) ya saketi nyingine, na kila saketi ikawa na kinga yake ya uvujaji wa umeme, ile inayokata kwa miliampia 30, kinga hiyo itakata umeme mara taa inapowashwa. Na hata isipokata, atakayekuja kufanya matengenezo baada ya kuzima breka moja anaweza kukuta waya bado una umeme. Penye umeme wa fezi tatu hatari huongezeka, kwani waya mbili za fezi tofauti ndani ya kasha moja la swichi hupishana kwa volti 400 hivi.

Kwa hiyo kila saketi ibaki na swichi yake, na swichi hizo ziwasiliane kwa redio.

Kabla ya kulipa, breka izimwe na kasha la swichi lifunguliwe. Katika nyumba zilizofungwa nyaya kwa mtindo wa Kiingereza, ambazo ndizo nyingi kwetu, mara nyingi laini (waya wenye umeme) hushuka hadi kwenye swichi na kurudi kwenye taa, huku nyutro ikiishia juu darini. Swichi inayohitaji nyutro haitafanya kazi hapo. Zipo zisizoihitaji, lakini hujiendesha kwa kupitisha mkondo mdogo kwenye taa yenyewe, na balbu ya LED ya wati chache huweza kumetameta au kubaki na mwanga hafifu hata ikiwa imezimwa. Kapasita ndogo inayofungwa sambamba na taa huondoa tatizo hilo, na muuzaji aulizwe kama anayo.

Nafasi ya kwanza naipa Zigbee, mfumo wa redio wa vifaa vya nyumbani unaosimamiwa na kifaa kiitwacho kitovu. Vifaa vyake huwekwa katika kundi moja, amri moja ikavifikia vyote, na kitufe cha betri kinaweza kuunganishwa moja kwa moja na kundi hilo, kiasi kwamba taa huitika hata bando likiisha, na mara nyingi hata kitovu kikizimika. Si kila swichi ya bei nafuu inakubali muunganisho huo, hivyo jambo hili lithibitishwe dukani. Penye kasha lisilo na nyutro, Sonoff ZBMINIL2 hukaa nyuma ya swichi ya kawaida na kubeba hadi ampia 6, kiasi kinachotosha kwa taa. Upungufu wake ni kwamba haipokezani mawimbi kwa niaba ya wenzake. Geti likiwa mbali na kuta za tofali zikiwa nene, pawekwe katikati kifaa kingine cha Zigbee chenye nyutro. Kitovu kikae upande wa inveta.

Ya pili ni rilei za Wi-Fi, yaani swichi ndogo zinazofichwa ndani ya kasha, zinazotumiana amri ndani ya mtandao wa nyumbani, kama Shelly 1 yenye uwezo wa ampia 16, ambayo inahitaji nyutro, au Shelly 1L isiyoihitaji. Intaneti si lazima, ila rauta lazima iwe hewani, na kila rilei ipewe anwani isiyobadilika. Amri iandikwe «washa» au «zima», wala si «geuza», inayozima iliyowaka na kuwasha iliyozimwa. Hapa ndipo wengi hukwama: umeme wa nje ukikatika huku wa ndani ukiendelea, taa ya geti hukosa amri moja, na kuanzia hapo kila «geuza» huwasha upande huu na kuzima ule.

Kasoro hiyo ndiyo inayoweka swichi zisizo na betri, zinazojizalishia umeme kwa nguvu ya kidole, katika nafasi ya tatu, kwa sababu nyingi kati ya zile za bei ndogo hutuma «geuza» tu. Vinginevyo zinapendeza: kitufe kimoja hufundishwa kwa vipokezi kadhaa, kipokezi hufungwa darini ambako nyutro ipo, na hakuna programu ya simu wala nywila. Anayepata aina yenye vitufe viwili, cha kuwasha na cha kuzima, aipange mbele ya Shelly.

Swichi za Wi-Fi zinazofungamanishwa kupitia programu kama Smart Life ndizo zilizojaa madukani, na naziweka mwisho. Mara nyingi amri kutoka swichi moja hadi nyingine hupitia seva ya mbali, basi intaneti ikikatika kila swichi hubaki na taa yake tu. Atakayezichukua kwa sababu ya bei aingie kwenye mipangilio ya hali baada ya umeme kurudi na kuchagua «zimwa» kwa zote, la sivyo taa za nje zinaweza kujiwasha usiku wa manane.

Z-Wave, mfumo mwingine wa redio, siipangi, kwa kuwa toleo la Marekani na la Ulaya hutumia masafa tofauti na haziwasiliani. Swichi za volti 120 zinazoletwa na jamaa kutoka Marekani zisifungwe kabisa: umeme wetu wa volti 230 hadi 240 utaziunguza, na hata umbo lake la mstatili haliingii kwenye makasha yetu ya mraba.