TAHADHARI: Kijana wa "safari za Varanasi" anayewawinda wagonjwa wetu Delhi

Ndugu zangu mnaoleta wagonjwa India, na nyie wanafunzi mnaopanga kutembea kidogo likizo hii, naomba msome hapa kabla hamjampa mtu hata rupia moja ya safari ya Varanasi. Kuna kijana anazunguka kwenye nyumba za wageni zilizo jirani na hospitali kubwa za kusini mwa Delhi. Anaongea Kiswahili, tena si cha kuokoteza. Anaamkia "shikamoo mama", anatoa pole ya ugonjwa, anabeba mzigo bila kuombwa. Huyo ni tapeli. Ametupiga mimi na mama yangu rupia 24,000, karibu laki saba za kwetu, na hadi sasa naandika mkono unatetemeka.

Habari za mama wengi humu mnazijua, sirudii, ila nimemleta huku Delhi kutibiwa. Daktari alisema turudi wiki inayofuata kuchukua majibu, mguu unaruhusu kutembea taratibu. Mama akasema basi twende akauone mto Ganga. Waliokua na sisi Barabara ya Nne pale Tanga wanajua hiyo hamu imetoka wapi, ni kwa yule jirani yetu Mhindu ambaye kila mara alikuwa anaisimulia Kashi. Kashi, Banaras, Varanasi, mji ni huo huo mmoja.

Tulipanga safari ya watu wa hali ya kawaida. Treni ya usiku, kulala siku mbili kwenye chumba cha bei nafuu karibu na ghati, zile ngazi za mawe zinazoshuka mtoni, kutazama ibada ya taa jioni, kupanda boti alfajiri, kwenda Sarnath alikohubiri Buddha mara ya kwanza, ambako ni kama kilomita kumi tu kutoka mjini, halafu kurudi. Nilipiga hesabu nikaona rupia elfu kumi zinatutosha wote wawili.

Watu wananiuliza, "Ulimwaminije mtu usiyemjua?" Jamani, nilimjua! Ndiye aliyempeleka mama duka la dawa mvua ikinyesha, mwavuli kauweka wote upande wa mama, yeye akalowa chepechepe. Ndiye aliyetutafutia laini ya simu. Ndiye aliyebishana na dereva wa bajaji mpaka tukalipa nusu. Hakuomba hata hela ya soda. Mama akawa anamwita "mwanangu", na kila akija anamwekea chai. Ukiwa nchi ya watu, una mgonjwa, lugha hujui, mtu akikutendea hivyo utamfukuza?

Siku yenyewe alikuja asubuhi. Nikamwambia nataka kwenda stesheni ya New Delhi kukata tiketi kwenye ile ofisi ya wasafiri wa kigeni, nimesoma kwamba ipo na wanauza kwa pasipoti. Hakunipinga hata kidogo. Akasema twende, tena umefanya vizuri kuulizia. Tukiwa ndani ya bajaji akasema ngoja nihakikishe kama wamefungua. Akapiga simu, akaweka spika. Ikatoka sauti ya mtu mzima, ya kikazi kabisa, ikasema ofisi ya wageni imefungwa kwa ukarabati, wageni wote wanahudumiwa kwenye ofisi ya utalii ya serikali huko Connaught Place. Na nyuma ya ile sauti nikasikia tangazo la treni, sauti ya mwanamke ikitaja namba na majina ya vituo. Nimelisikia kwa masikio yangu. Nani asingeamini?

Ofisi yenyewe iko ghorofani, ngazi nyembamba, juu ya duka la viatu. Mlangoni kibao cha buluu chenye wale simba wa Ashoka, nembo ya taifa la India. Ndani meza yenye kioo, chini ya kioo ramani ya India, ukutani picha ya Taj Mahal. Tukaletewa chai ya maziwa yenye tangawizi kwenye vikombe vidogo vya udongo. Bwana wa mezani, mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni, alimuuliza mama kuhusu mguu kabla hajatuuliza chochote kuhusu hela. Akamvutia kigoda, akauinua mguu wa mama kwa mikono yake mwenyewe akauweka juu ya kigoda. Nikiikumbuka ile mikono nataka kutapika.

Kisha akachukua karatasi akaanza kuchora. Kachora mto unavyopinda, kachora ghati kutoka Assi kusini hadi Manikarnika kule wanakochoma maiti, kaweka nukta akasema hoteli yenu hii hapa, dirisha linatazama maji, jua mtaliona likichomoza ng'ambo mkiwa kitandani. Hilo la jua ni kweli, kwa sababu mji umejengwa ukingo wa magharibi na ng'ambo ni mchanga mtupu. Mtu huyu anaujua mji vizuri. Ndiyo maana kila alichosema kilionekana sawa.

Akatuambia treni zote zimejaa, ila yeye ana nafasi za akiba za wagonjwa. Kwa mguu ule mama hawezi kupanda kitanda cha juu, kwa hiyo tuchukue daraja la pili lenye kiyoyozi, kitanda cha chini. Kiti cha magurudumu stesheni. Viti vya mbele kwenye ibada ya jioni ili mama asisimame. Boti ya peke yetu alfajiri. Gari la Sarnath. Jumla 24,000. Nilishtuka, nikamwambia bwana, hii ni zaidi ya mara mbili ya bajeti yetu. Yule kijana akaniinamia akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Dada, kwa ajili ya mama. Usimhangaishe mama."

Hapo ndipo waliponipata. Kadi ya benki wakasema mashine mbovu. Mama akageukia ukutani, akatoa bahasha kifuani, akahesabu noti moja moja huku yule kijana anamsaidia kuhesabu. Anamsaidia kuhesabu!

Tukapewa risiti ya waridi yenye muhuri na karatasi ya tiketi iliyochapishwa. Kwenye tiketi palikuwa na herufi WL na namba. Niliuliza, msidhani sikuuliza. Kijana akasema hizo ni herufi za behewa la kina mama na wazee, namba za vitanda tutapewa humo humo ndani.

Jioni tukaenda stesheni. Hakuna kiti cha magurudumu. Simu ya kijana haipatikani. Mama katembea na ule mguu daraja lote la kuvukia reli, watu wanatusukuma, mabegi nimebeba mimi yote. Treni yetu, Shiv Ganga Express, inaondoka saa mbili usiku na dakika chache, tulifika behewani jasho linatutoka. Mkaguzi wa tiketi, koti jeusi, akaangalia kwenye kifaa chake, akaangalia tena, akatikisa kichwa. WL ni orodha ya kusubiri. Hatuna kitanda, hatuna hata kiti, na tiketi yenyewe ilishajifuta orodha ya abiria ilipofungwa. Halafu akanieleza jambo lililonimaliza nguvu: tiketi ya mtandaoni ya namna hiyo ikijifuta, nauli inarudi kwenye akaunti ya aliyeikata. Yaani hata ile nauli ndogo waliyoitoa imewarudia wao. Treni ikaondoka tunaitazama. Mama hakusema neno njia nzima ya kurudi, na aibu niliyoipata mbele yake siwezi kuielezea hapa.

Kesho yake asubuhi nikaenda mwenyewe stesheni. Ofisi ya wasafiri wa kigeni IPO WAZI. Upande wa Paharganj, ghorofa ya kwanza, ndani ya jengo la stesheni lenyewe. Hakuna ukarabati wowote. Unatoa pasipoti, unajaza fomu, unakaa kwenye foleni. Karani akatupa tiketi za kwenda na kurudi, daraja la tatu lenye kiyoyozi, watu wawili, hazikufika rupia 5,000, na mama akawekewa kitanda cha chini bila nyongeza, kwa umri wake tu. Mungu ambariki yule karani.

Tukafika Varanasi. Hoteli ya kwenye risiti haina habari na sisi, jina letu halimo kwenye daftari lao. Sasa sikilizeni hili. Ilikuwa Agosti. Agosti mto umefura kwa mvua za masika yao, maji yamepanda yamefunika ngazi, huwezi hata kutembea kutoka ghati moja hadi nyingine kwa chini. Boti zote ndogo zilikuwa zimezuiwa na serikali kwa usalama. Ibada ya taa pale ghati ya Dashashwamedh ilikuwa imehamishiwa juu ya paa, kwa sababu mahali wanaposimama siku zote palikuwa chini ya maji. Na maiti pale Manikarnika zinachomwa majukwaa ya juu. Mwenye boti mmoja, mzee mstaarabu sana, akaniambia mvua zikikolea hali huwa ndiyo hiyo. Kwa hiyo yule bwana wa kalamu mbili alituuzia boti ya alfajiri akijua kabisa boti haziendi! Na viti vya mbele vya ibada ambayo ni bure, kila jioni, mtu yeyote anasimama anatazama.

Tuliiona ibada kwa kukaa ngazi za juu, mama akapewa nafasi na kina mama wa pale. Sarnath tulienda kwa bajaji ya kawaida. Kule kwenye makumbusho ndiko lilipo jiwe la asili la wale simba wanne, lililochongwa enzi za mfalme Ashoka, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Nilisimama mbele yake nikakumbuka kibao cha ile ofisi, nikatokwa na machozi ya hasira mbele ya watu. Wanaiba kwa kujificha nyuma ya nembo ya nchi yao!

Niliporudi Delhi nikaenda polisi. Ofisa akaniambia kwenye sheria mpya ya jinai iliyoanza Julai 2024, kumdanganya mtu hadi akakupa mali yake ni kifungo kinachoweza kufika miaka saba. Kwa mtu anayemwibia mgonjwa mimi naona miaka saba haitoshi. Atolewe kwenye mahospitali, picha yake ibandikwe kila nyumba ya wageni, afungwe yeye na yule wa miwani, na hela za kila mama waliyemla zirudi mpaka rupia ya mwisho. Kuna wengine wanauza kila walicho nacho, shamba, ng'ombe, nyumba ya urithi, ili waje watibiwe huku. Halafu mtu anakuja na mwavuli na shikamoo kuwamalizia kilichobaki. Afungwe!

Mnaoniuliza dalili: yeyote anayekuambia ofisi ya wageni imefungwa au imehamishwa anadanganya, nenda ukaione kwa macho yako. Ofisi ya utalii ya serikali pale Delhi ipo Janpath namba 88, hizo nyingine za Connaught Place zenye vibao vya "serikali" ziogopeni. Tiketi yenye WL msiihesabu kuwa ni safari. Ina namba ya PNR, yaani namba ya kuitambulisha tiketi, yenye tarakimu kumi, pigeni 139, namba ya maulizo ya reli, waulize kama imethibitishwa kabla hamjatoa hela. Muuza tiketi akikataa kadi, ondokeni. Namba ya msaada kwa watalii ni 1363, saa zote. Na mkifika Manikarnika, wale wanaowafuata wakiomba mchango wa kuni za kuchomea maskini, wapiteni tu, mchezo ni ule ule.

Kijana ana kovu dogo juu ya nyusi, anapenda kuvaa shati la miraba, na kwa sasa anajiita mkalimani. Risiti yangu ya waridi ninayo, na nakala nimeiacha polisi. Kama na wewe unayo kama hiyo, niandikie faraghani leo hii, usione haya. Ofisa kasema tukiwa wengi jalada linakuwa na uzito, na mimi niko hapa Delhi hadi mama amalize matibabu.