Nyota pembeni mwa jibu: mapitio ya huduma ya maabara kwa msafirishaji wa viungo

Huduma ninayoieleza hapa ni ya maabara moja ya binafsi ya Dar es Salaam, ambayo nimeitumia mara tatu kupimia viungo vya kupeleka nje: pilipili manga na manjano ninavyovinunua kwa wakulima wa Wete na Micheweni na kuvifungia Unguja. Karafuu haimo, kwa kuwa ununuzi wake ni wa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Kwa jumla nimeridhika, na pilipili manga nitaendelea kuwapelekea, ila mara ya pili walinitia hasara kwa sababu ya alama ndogo ya nyota ambayo mimi sikuisoma na wao hawakunionyesha.

Nilikwenda kwao si kwa unafuu wa bei, maana wapo wanaotoza kidogo zaidi. Mnunuzi wangu yuko Hamburg. Hanijui vizuri mimi, seuze maabara za huku. Akipokea ripoti, hutazama kwanza nembo zilizo juu yake: ya SADCAS, taasisi ya ithibati, yaani ya kukagua maabara na kuthibitisha kuwa zinajua kupima, yenye makao yake Gaborone inayohudumia nchi kadhaa za SADC, Tanzania ikiwemo, na ya ILAC, jumuiya ya kimataifa ya taasisi kama hizo. Makubaliano ya ILAC ya kutambuana yalisainiwa Washington mwaka 2000 na kuanza kazi tarehe 31 Januari 2001. Taasisi za ithibati hukaguana zenyewe kwa zenyewe, na iliyofaulu ukaguzi huo, maabara ilizozipa ithibati kwa kiwango cha ISO/IEC 17025, kile cha kimataifa cha maabara za upimaji, huaminiwa na wenziwe kana kwamba wao ndio waliozikagua. Shehena yangu ya kwanza kabisa niliipima pahala pasipo na ithibati, matokeo yake ikapimwa upya kule kwa fedha zangu, na magunia yakalala ghalani wakati wakulima wananipigia simu kuuliza malipo yao.

Nilichokipenda zaidi katika maabara hii ni kwamba hawapokei kila unachowaletea. Siku ya mwanzo kijana wa mapokezi alikifungua kifuko changu, akaninusia pilipili zenyewe, akauliza nimezichota wapi. Nikamwambia juu ya gunia moja. Akakikunja kifuko, akanirudishia.

"Mama, sumukuvu haikai sawasawa ndani ya gunia," alisema, akikusudia aflatoksini, sumu itokanayo na ukungu. "Hapa tutakupa jibu zuri, na mwenzetu wa kule akichota pembeni atapata jingine."

Nilikasirika, kwa kuwa nilikuwa nimepanda boti ya asubuhi kwa ajili ya kifuko kile tu. Nilirudi Unguja, nikachota kila gunia juu, kati na chini, nikavichanganya vyote juu ya shuka safi, nikalikata fungu sehemu nne na kuondoa robo mbili zinazotazamana, nikaendelea hivyo hivyo mpaka zikabaki kilo mbili. Leo namshukuru kijana yule. Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya mikrogramu 5 za sumukuvu ya B1 katika kilo ya pilipili manga au ya manjano, na 10 kwa jumla ya sumukuvu zote; hizo 10 ni sawa na gramu kumi ndani ya tani elfu moja, na kwa kiasi kidogo namna hiyo uchotaji mbaya huharibu jibu hata mashine ikiwa nzima.

Sasa hasara yenyewe. Mara ya pili nilipeleka manjano, na kwenye fomu nikaandika wazi kuwa mzigo unakwenda Ulaya. Ripoti ilikuja kwa wakati, imepigwa nembo zote, majibu yako chini ya kikomo. Mnunuzi akaukubali mstari wa unyevu na kuukataa wa sumukuvu. Nilipoitazama tena niliona nyota pembeni mwa jibu, na chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani, maelezo kuwa kipimo hicho hakimo katika upeo wa ithibati. Maabara haipewi ithibati kwa jumla jumla. Hupewa kwa kipimo fulani, kwa njia fulani, katika bidhaa fulani. Hawa walikuwa nayo kwa sumukuvu katika nafaka, karanga na pilipili, lakini si katika manjano. Kuweka nyota ni uaminifu, sikatai. Lakini kupokea fedha za mtu aliyeandika "Ulaya" bila kumwambia neno ni huduma mbovu, na niliwaambia hivyo. Walinipunguzia bei ya kipimo kilichofuata.

Kwa upande wa maabara, makubaliano haya ya kutambuana yana faida, ingawa si ya bure. Mtaalamu aliyenipokea malalamiko alinieleza kuwa hupelekewa sampuli ambazo majibu yake hawayajui, wakazipima, kisha majibu yao yakalinganishwa na ya maabara nyengine. Ukikosea, unatakiwa ueleze sababu na urekebishe. Gharama hiyo hulipwa na wateja kama sisi, ambao bila nembo ile tungepeleka sampuli zetu nje ya nchi. Rafuni kwake niliona korosho za Mtwara, ufuta wa Lindi na mfuko wa mwani.

Msafirishaji mwenzangu asidhani, hata hivyo, kuwa ripoti yenye nembo humfunga mikono ofisa wa bandari ya kule. Yeye anaweza kuchota sampuli yake na kupima, na jibu lake ndilo litakaloamua mzigo uingie au usiingie.

Mara ya tatu, kabla ya kulipa, niliomba jedwali la upeo wa ithibati yao, nikalisoma pale pale kaunta mstari kwa mstari huku foleni ikinung'unika nyuma yangu. Manjano yalikuwa bado hayajaandikwa. Pilipili manga nikawaachia, na mfuko wa manjano nikautia mkobani nikatoka nao.