Kwa safari ya miguu mlimani: fimbo ya kutembelea yenye skrubu ya kamera, au tripodi (stendi ya miguu mitatu) yenye mguu unaochomoka kuwa fimbo?

Fimbo yenye skrubu ya inchi 1/4 chini ya kirungu ni nyepesi na iko tayari muda wote: fungua kirungu, zungushia kamera, piga. Lakini ni mguu mmoja tu. Inapunguza mtikisiko wa juu na chini, kuyumba pembeni kunabaki pale pale. Picha ya maporomoko ya maji, ambayo kamera hukaa wazi sekunde nzima, usiitegemee.

Tripodi inasimama yenyewe, hata kwa sekunde 30. Shida huanza mguu wake ukigeuzwa fimbo. Kila ukitaka kupiga, lazima uurudishe kwanza, na mchanga ukinasa kwenye nyuzi za skrubu huzikwaruza hadi kiungo kinalegea; zipanguse kwa kitambaa kikavu kabla ya kukaza. Baya zaidi, vifungo vya kuzungusha vinavyoshikilia vipande vya mguu huwa vimekusudiwa kubeba kamera, si mtu anayeteremka na mzigo mgongoni. Kimoja kikiteleza, mguu unajikunja ghafla, nawe chini. Kabla ya mteremko, kaza kila kifungo, kisha uegemee mguu huo kwa uzito wako wote kujaribu. Ukisikia mguu unashuka hata kidogo, usiuamini.