Shule ianze na mpango upi: Tusome au Good School Toolkit?

Tusome, mpango wa shule za msingi Kenya ulioanza 2015, ulilenga kusoma: kila mtoto kitabu chake, mwalimu na mwongozo wake, na afisa wa mitaala anayefika na tableti kusikiliza watoto wakisoma. Usomaji ulipanda.

Good School Toolkit, mpango wa Uganda wa kupunguza ukatili shuleni, inagusa shule nzima: walimu, wanafunzi na uongozi, ili fimbo iwekwe chini. Katika utafiti wa shule 42 wilayani Luwero, wanafunzi waliosema wamepigwa na watumishi wa shule katika wiki iliyotangulia walikuwa 31% kwenye shule zenye mpango huo, dhidi ya 49% kwenye shule zisizo nao. Watoto walijisikia salama zaidi, ingawa alama za masomo hazikupanda. Mimi ningeanza na hii. Kutopigwa ni haki ya mtoto, hata akishika mkia darasani.