Uzoefu wangu: kutengeneza staili ya kinanda kutoka kwenye rekodi (Demucs, Basic Pitch, Reaper na PSR-SX700)

Njia hii inakupa besi nzuri sana, midundo ya kuridhisha, na magitaa mabovu. Nimeanza na hukumu kwa sababu wapiga kinanda wengi wa makanisani na wa kwanjula (sherehe za utambulisho kabla ya ndoa) hapa Kampala wanaamini kuna programu unayoitupia wimbo, nayo ikakurudishia staili kamili, yaani midundo, besi na magitaa ambayo kinanda hupiga chenyewe kikifuata kodi (chord) unazobonyeza. Mimi sijaiona. Ila kuna programu tatu ambazo, zikitumiwa kwa mpangilio, zinapunguza sana kazi ya kusikiliza na kuandika nota moja moja.

Kinanda ni Yamaha PSR-SX700. Kwenye kompyuta natumia Ultimate Vocal Remover yenye Demucs ndani yake (inatenganisha vyombo vya wimbo), Basic Pitch ya Spotify (inageuza sauti kuwa nota za MIDI, yaani maelekezo ya nota ambayo kinanda kinayaelewa), na Reaper (ya kurekodi na kuhariri). Mbili za kwanza ni za bure. Reaper unaijaribu siku 60, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Mwenye kinanda cha Korg Pa ana nafuu kidogo, kwa kuwa kinanda chake kinaweza kuingiza faili la MIDI moja kwa moja kwenye sehemu ya kurekodi staili.

Kila kitu kinaanzia kwenye rekodi. Iliyotumwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti haifai: imebanwa, na ubora wake umeshapotea. Mwombe aliye nayo akutumie kama dokumenti, au uichukue kwa flashi. Rekodi ya simu ya kwenye sherehe nayo ina tatizo lake. Simu inapandisha na kushusha sauti yenyewe, hivyo pigo zito la ngoma linameza kila kitu kilicho karibu nalo.

Demucs inagawa wimbo kuwa faili nne: ngoma, besi, sauti za waimbaji, na vinginevyo vyote. Ipo pia modeli ya faili sita inayotenga gitaa na piano, lakini watengenezaji wake wenyewe wanasema piano haitoki vizuri. Bila kadi ya grafiki, tegemea kama mara moja na nusu ya urefu wa wimbo, na laptopu ya zamani itachukua zaidi. Umeme ukikatika katikati unaanza upya, kwa hiyo hakikisha betri imejaa, au kata kwanza sekunde 40 unazozihitaji na utupe zilizobaki. Hata hivyo staili haihitaji wimbo mzima. Inahitaji baa nne safi.

Baa hizo nne ndizo zinazoamua kama staili itasimama au itaanguka. Yamaha inategemea umeandika kila kitu juu ya kodi moja, na kodi ya msingi iliyowekwa ni CMaj7. Kinanda kinahesabu kutoka hapo kuelekea kodi yoyote utakayoibonyeza. Sasa chukua seben, ile sehemu ya kucheza ya muziki wa Kikongo: magitaa yanazunguka kodi ya kwanza, ya nne, ya tano na kurudi ya nne, mara nyingi ndani ya baa mbili tu. Ukiingiza mzunguko huo kama ulivyo, kisha ubonyeze F, kinanda kitahamisha mzunguko wote, na utasikia B♭ na C ambazo hukuziomba. Tafuta mahali bendi inapokaa kwenye kodi ya kwanza, hata kama ni biti nne pekee, kisha jenga baa nyingine kwa kunakili na kubadilisha kidogo. Kama wimbo uko G, pandisha besi semitoni 5 kwenda C. Usiishushe semitoni 7, maana itaingia chini ya nota ambazo gitaa la besi la nyuzi nne linazifikia na itabaki mngurumo tu.

Kabla ya kugusa MIDI, pima tempo. Hesabu biti 64, ambazo ni baa 16 za 4/4, soma sekunde zake kwenye Reaper, kisha gawa 3,840 kwa sekunde hizo. Zikitoka sekunde 29.1, tempo ni 132. Andika namba hiyohiyo kwenye Basic Pitch. Ukiiacha kwenye 120, nota zitatoka sahihi lakini hazitakaa kwenye mistari ya baa, na utashinda ukizivuta bure.

Basic Pitch inafanya kazi vizuri ikipewa chombo kimoja kwa wakati mmoja. Kwa besi naweka kiwango cha chini Hz 40 na cha juu Hz 260. Ukiacha cha juu wazi, programu itasikia mwangwi wa oktava na kukuandikia C mbili mahali palipopigwa moja. Urefu mfupi wa nota naweka milisekunde 80, kwa sababu kwenye tempo ya 132 robo ya biti ni kama milisekunde 114, na chochote kifupi zaidi ya 80 karibu kila mara ni kidole kikigusa waya. Futa pia mikunjo ya sauti (pitch bend) kwenye faili linalotoka, la sivyo besi ya kinanda itasikika kama imelewa. Baada ya hapo besi inahitaji dakika kumi za kurekebisha, na hapo ndipo njia hii inapojilipa.

Ngoma usizipeleke Basic Pitch, kwani yenyewe inatafuta nota, na ngoma si nota. Ninachofanya ni kunakili faili la ngoma mara tatu kwenye Reaper: ya kwanza naacha chini ya Hz 100, ya pili katikati, ya tatu juu ya Hz 7,000. Kwenye kila moja naweka ReaGate, lango la Reaper linalofunguka sauti ikizidi kiwango ulichoweka, na kuiruhusu itume nota ya MIDI kila inapofunguka: namba 36 kwa kiki, 38 kwa sneya, 42 kwa hi-hat iliyofungwa. Kiki moja ikitoa nota mbili, ongeza muda wa kushikilia hadi milisekunde 60 au zaidi. Nguvu za mapigo (velocity) zipange kwa mkono. Mapigo makubwa yakae karibu na 105, na yale madogo ya kujaza kati ya 40 na 55. Yote yakiwa sawa, midundo inakuwa ya mashine, na mchezaji ataijua hata kabla wewe hujaijua.

Baakisimba, mdundo wa ngoma ya Kiganda ya kuchezesha kiuno, inahitaji uangalifu wa peke yake. Kila biti inagawanyika mara tatu, si mara nne. Ukisawazisha nota (quantize) kwa mistari ya moja ya kumi na sita, kwenye tempo ya 120 pigo la pili linalopaswa kuwa milisekunde 167 linavutwa hadi 125, na la tatu linasukumwa kutoka 333 hadi 375. Ni milisekunde 42 tu kila upande, lakini kiuno kinasimama. Chagua mistari ya tatu-tatu (triplet), na usawazishe kwa asilimia 70 au 80, usifikishe 100.

Halafu kuna suala la sauti. Embuutu, ngoma kubwa ya Kiganda, unaweza kuiigiza kwa konga nzito, nota namba 64, ukaishusha. Engalabi, ile ngoma ndefu, haina mbadala kwenye kinanda hiki. Ngozi yake ndogo na mti wake mrefu vinatoa mlio mkali unaofungwa ghafla, na konga ya juu inabaki ikilia baada ya mkono kuondoka. Nashauri kurekodi engalabi halisi, mapigo manne au matano tofauti, kisha kutengeneza seti ya ngoma kwa Yamaha Expansion Manager na kuipakia kwenye SX700. Kazi hiyo ni ya jioni moja, na inaipa staili uhai kuliko hatua nyingine yoyote niliyoitaja.

Magitaa ya seben nimeacha kuyapitisha kwenye Basic Pitch. Gitaa la solo na la mi-solo (linalojaza kati ya solo na ridhimu) yanapishana kwenye oktava ileile, na kinachotoka ni rundo la nota ambalo kulisafisha ni kazi ndefu kuliko kulipiga upya. Sikiliza faili la “vinginevyo”, jifunze mstari mmoja, upige mwenyewe ukitumia C, D, E, G, A na B peke yake. F iache. Itagombana na kodi.

Kwenye Reaper panga chaneli: 9 na 10 midundo, 11 besi, 12 na 13 kodi, 14 pedi, 15 na 16 vifungu vya gitaa. Weka alama (marker) “SFF1” na “SInt” mwanzoni, kisha “Main A”, “Fill In AA” na nyinginezo, herufi kubwa na ndogo zikiwa hivyohivyo. Toa faili la MIDI la aina 0 lenye alama ndani yake, badilisha mwisho wa jina uwe .sty, ulifungue kwenye kinanda. Fill, yaani kijazo cha kati ya sehemu, iwe baa moja tu.

Kinachobaki kiko kwenye Style Creator, ukurasa wa kinanda wa kuhariri staili, unapochagua jinsi nota za kila chaneli zinavyofuata kodi. Chaneli za midundo ziwe Root Fixed na Bypass, besi iwe Root Trans na Melody huku Bass ikiwa imewashwa, na kodi ziwe Root Fixed na Chord. Kisha jaribu kwa mpangilio huu: C, Am, Fm, G7, na C yenye besi ya E. Fm ikitoa nota ya uongo, makosa yako chaneli 15 au 16. Besi ikiruka juu ghafla ukifika A au B, shusha High Key (kikomo cha juu cha kupandisha nota) ya chaneli 11 hadi irudi chini.