Saruji ya 32.5 na ya 42.5: ipi ya zege, ipi ya lipu

Mifuko ya kilo 50 hupangwa dukani bega kwa bega, mmoja umeandikwa 32.5, mwingine 42.5. Wajenzi wengi huchukua wa bei nafuu na kuutumia kuanzia msingi hadi lipu. Hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa sababu hizi ni bidhaa mbili zenye kazi tofauti.

Namba hiyo ni nguvu ya chini ambayo saruji lazima iwe imefikia siku ya 28, kwa niutoni kwa milimita ya mraba, ikipimwa maabara kwenye kipande cha saruji, mchanga na maji. Si nguvu ya zege lako. Herufi inayofuata huonyesha kasi yake ya kukomaa: N ni ya kawaida, R ni ya haraka. Siku ya pili, 42.5N inatakiwa iwe na niutoni 10, na 42.5R niutoni 20. Saruji ya 32.5N haiulizwi chochote siku hiyo, husubiriwa hadi siku ya saba ionyeshe niutoni 16.

Soma pia maandishi yaliyo mbele ya namba. CEM I ni klinka karibu tupu, yaani kiini cha saruji kinachotokana na chokaa na udongo vilivyochomwa pamoja. CEM II/A imechanganywa asilimia 6 hadi 20 ya vitu vingine, na CEM II/B asilimia 21 hadi 35. Herufi P ni pozolana asilia, kama jivu la volkeno, L ni jiwe la chokaa, S ni slagi, yaani mabaki ya tanuri la chuma. Mchanganyiko huo si uchakachuaji, maana saruji yenye pozolana hutoa joto kidogo na huendelea kukomaa kwa muda mrefu. Ila inadai kumwagiliwa maji siku nyingi zaidi, na hilo mafundi wengi hulipuuza.

Kwa zege lenye nondo, yaani nguzo, linta, mihimili na slabu, tunapendekeza 42.5N bila kusita. Ile ya R inafaa ukiwa na haraka ya kufungua mbao, lakini kwenye jua kali hukupa muda mfupi wa kumwaga na kusawazisha, na slabu pana hupasuka juu upesi. Kwa kujenga tofali na kupiga lipu, 32.5 ndiyo bora: mchanganyiko wake ni laini na hushika ukuta vizuri. Lipu iliyojaa saruji ya 42.5 huwa ngumu kupita kiasi, husinyaa, kisha hutoa nyufa nyembamba kama utando wa buibui.

Sasa maji, maana ndiyo yanayoamua kama fedha uliyoongeza kwa ajili ya 42.5 ina faida. Mfuko mmoja una ujazo wa lita 35 hivi. Tengeneza sanduku la mbao lenye sentimita 40 kwa 35 kwa 25 kwa ndani, na utakuwa na kipimo cha mfuko mmoja. Kwa uwiano wa 1:2:4, weka mfuko mmoja, masanduku mawili ya mchanga na manne ya kokoto, pamoja na maji lita 25 hadi 27. Ukimwaga lita 35 ili zege liteleze lenyewe, saruji ya 42.5 itakupa zege dhaifu kuliko ya 32.5 iliyochanganywa kwa lita 25. Maji ya ziada hukauka na kuacha vitundu visivyoonekana, na vitundu hivyo ndivyo vinavyoingiza unyevu hadi kwenye nondo. Mchanga ukiwa umelowa, punguza maji, lakini ongeza kidogo ujazo wake, kwa kuwa mchanga wenye unyevu huvimba hata kwa robo. Zege likiwa gumu kumwaga, dawa ni kulishindilia kwa vaibreta au fimbo ya chuma, si ndoo nyingine ya maji.

Kwa uwiano huo, mita moja ya ujazo hula mifuko sita na nusu hivi. Jamvi la mita za mraba 20 lenye unene wa sentimita 10 ni mita mbili za ujazo, kwa hiyo andaa mifuko 13, na mmoja wa akiba. Wapo wanaopunguza mifuko kwa hoja kwamba 42.5 ina nguvu zaidi. Kwenye zege lenye nondo hatukubaliani nao: saruji hiyo hiyo ndiyo ngao ya chuma dhidi ya kutu.

Mbao za ubavuni mwa nguzo zinaweza kufunguliwa baada ya siku moja. Miti inayobeba slabu iache siku 14 au zaidi, ya mihimili siku 21, na kama umetumia 32.5N usiharakishe kabisa. Mwagilia maji siku saba kwa CEM I, siku 10 hadi 14 kwa saruji zilizochanganywa. Gunia lililolowa au plastiki juu ya zege hufanya kazi vizuri kuliko kumwaga maji mara mbili kwa siku na kuliacha likauke katikati.

Dukani usidanganywe na rangi, kwani weusi au weupe wa saruji hauonyeshi nguvu. Angalia tarehe: mfuko uliopita miezi mitatu usiingie kwenye nguzo. Bonyeza pembe zake. Donge linalosagika kwa vidole limetokana na uzito wa mifuko ya juu na halina tatizo. Donge lisilosagika limeshashika maji, urudishe mfuko huo. Nyumbani, ipange juu ya mbao, mbali na ukuta, isizidi mifuko 10 kwenda juu, na iliyoingia kwanza itoke kwanza.